Ukiita Baba Huko Uturuki

Nyaboke wangu,

Stima imepotea tena hapa Magwagwa. Geti la watu nimeliacha nusu, bawaba moja imeshika na nyingine inaning'inia. Nimekaa kwenye benchi ya karakana, nimefuta mikono kwa kitambaa ambacho nacho ni kichafu, nikaamua kukuandikia kabla hujarudi kutoka Masimba kumuaga shangazi yako. Ukiona alama nyeusi kwenye karatasi, hizo ni grisi. Machozi pia yatakuwepo, ila hayo hayaachi rangi.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako atakuwa amekwisha kukuambia yote kuhusu baridi, nguo za kuvaa ndani, na wanaume wa Kituruki. Mimi nina jambo moja tu. Kesho ukipanda ndege bila mimi kulisema, sitaweza tena, kwa sababu litabaki la kusemwa kwa simu, na mimi na simu unajua historia yetu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, najua utashangaa. Tangu uzaliwe hatujawahi kuongea Kiswahili tukiwa wawili, isipokuwa tukimwiga yule mchungaji wa Nairobi aliyewahi kutuhubiria. Kikisii nakijua mdomoni. Kukiandika kunanishinda, naanza neno na sijui liishie wapi. Lakini sababu kubwa si hiyo. Kuna neno ambalo kwa Kikisii siwezi kulitaja mbele yako. Kwa Kiswahili lina maana nyingine, kwa hivyo naweza kusimama mbali nalo kidogo. Neno lenyewe ni baba.

Unaikumbuka ile insha ya darasa la tatu? Mwalimu alikuwa mgeni, ametoka Busia, hana hata mwezi shuleni. Akawaambia muandike juu ya Baba Yangu. Na wewe, mtoto wa Ukisii, ambaye kwa lugha ya nyumbani kwako mimi ni tata na mama yako ndiye baba, ukashika kalamu bila wasiwasi wowote. "Baba yangu anaitwa Kerubo. Baba yangu anavaa gauni ya maua. Baba yangu alinizaa wakati wa mvua kubwa." Mwalimu wa watu akaisoma mbele ya darasa lote, akachora mstari mwekundu, akaandika pembeni: Haiwezekani!

Ulirudi nyumbani unalia hadi kamasi. Mama yako alipoisoma ile insha alicheka mpaka akakaa chini kizingitini, mkono umeshika mlango. Halafu akakufuta uso kwa lile gauni lenyewe la maua. "Wacha kulia," akakuambia. "Kesho umwambie mwalimu kwamba baba yako ameisoma na amesema yote ni kweli, hata ile mvua." Ile karatasi aliificha kwenye Biblia yake. Kila mgeni aliyekuja alisomewa.

Huu mpira wako uliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mama yako, si wangu. Ulipokuja likizo ya kwanza kutoka sekondari ukasema umechaguliwa kucheza mpira wa kikapu, yeye akauliza, "Kikapu gani? Cha majani?" Alidhani tumelipa karo usome kuchuma chai. Ulimweleza kwa mikono na miguu pale uani, ukaruka, ukarusha ndimu hewani. Akakutazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni hivyo. Hiyo mimi naijua." Na kweli aliijua. Mikono yake yote miwili ilikuwa ikichuma na kurusha majani nyuma ya bega, kikapu kiko mgongoni, wala hageuki kuangalia, na halidondoki jani. Likizo zote ulikuwa mstari wa pili nyuma yake ukijifunza hivyohivyo. Siku hizi watu wanasifu zile pasi zako za kutoangalia, wanauliza ni kocha gani aliyekufundisha.

Mimi nilikuwa upande wa kukataza. Nilikuwa mzee wa kanisa, na mechi kubwa zote zilikuwa zinaangukia Sabato. Nilisema ni Sabato, lakini ukweli ni kwamba niliogopa watu. Niliogopa kusikia wakisema binti ya mzee fulani anaruka na kaptura mbele ya wanaume Kisii mjini. Mama yako akaniomba nikutengenezee ringi. Nikasema chuma kilichopo ni cha wateja. Akaniomba tena wakati wa mavuno ya mahindi, nikasema nina kazi nyingi. Alipochoka kuniomba hakugombana. Alichukua lile karai bovu, akalitoboa chini lote kwa shoka, akapanda kwenye ngazi yangu mwenyewe na kulifunga kwa kamba ya katani juu ya ule mti wa mkabilia ulio pembeni ya choo.

Nilitoka kazini nikakuta mke wa fundi wa chuma amefunga karai juu ya mti. Aibu iliyonishika siku hiyo! Nilirudi karakana, nikachukua nondo, nikachukua na mpira wako, nikaikunja ile nondo kuuzunguka mpira, nafasi ya kidole tu ibaki. Nani angeniambia vipimo? Nilidhani ringi ni mfuniko wa sufuria, inatakiwa ikae sawasawa. Ukarusha kwa ringi hiyo likizo zako zote zilizobaki za sekondari, ukikosa na kukosa, na hukuniambia hata siku moja kwamba ya shuleni ni karibu mara mbili ya hiyo. Mpaka Kocha Rehema alipokuja kukuombea ruhusa ujiunge na timu yake ya Nairobi, akasimama chini ya mkabilia, akashika kiuno. "Mzee wangu," akasema na kile Kiswahili chake cha Malindi, "nani kakwambia ringi iko hivi? Umemtesa mwana wa watu!" Halafu akageuka kukutazama, akasema taratibu, "Ndiyo maana huyu hakosi."

Nikasifiwa kwa kosa. Laiti makosa yangu yote yangekuwa ya namna hiyo.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka. Nisamehe nikienda polepole.

Mwaka wako wa mwisho sekondari, ugonjwa wa koo ulipomshinda mama yako na tukamlaza hospitali mjini Kisii, wewe ulikuwa kambini na timu ya shule, mnajiandaa kwa mashindano. Sauti yake ilikuwa inakwisha. Bado ikiwepo kidogo aliniita karibu akaniambia, "Usimwite Nyaboke. Akija akiniona hivi hatacheza tena. Mwache amalize." Nilimwahidi. Siku chache baadaye hakuwa na sauti kabisa, ni pumzi tu, yenye mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta.

Ijumaa hiyo, jua likielekea kuzama, Sabato ikikaribia, ulipiga simu kwa simu ya mwalimu wa michezo. Mlikuwa mmeingia fainali. Ulikuwa unapiga kelele, na wenzako nyuma yako wanaimba. Ukaniambia, "Tata, nipe Baba. Nataka asikie."

Mama yako alikuwa macho. Alikusikia, maana ile simu yangu husikika mpaka nje. Akainua mkono kutoka juu ya blanketi, akafungua kiganja, akaunyoosha kwangu. Alitaka simu.

Na mimi nikageuka nikaangalia dirishani, nikakuambia, "Amelala."

Ukasema, "Haya, asiamshwe. Mwambie kesho nitamletea medali." Ukakata. Nilipogeuka, mkono wake ulikuwa umerudi juu ya blanketi. Hakunikasirikia, Nyaboke. Ningependa angekasirika. Alinitazama tu namna alivyokuwa akinitazama nikirudi na samaki asiyefaa kutoka sokoni, kisha akafumba macho. Kesho yake, wewe ukiwa uwanjani, akaondoka.

Nimelifikiria jambo hilo nikiwa nachomelea, nikiwa naomba, nikiwa nakula. Nilitii neno lake nikaukataa mkono wake. Neno alilisema akiwa na nguvu. Mkono aliuinua alipojua hana siku. Mtu mzima angeona tofauti. Nilijiambia kwamba ukisikia ile pumzi utavunjika. Labda ungevunjika. Lakini ilikuwa pumzi ya mama yako, ilikuwa yako kuisikia, na mimi sikuwa na ruhusa ya kusimama katikati.

Ulikuja na basi la shule ukiwa na medali shingoni, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kukuambia uivue. Uliivua mwenyewe jikoni, ukaitundika kwenye ule msumari ambao mama yako alikuwa akitundikia chujio. Ipo hapo hadi leo. Chujio tunaliweka kwenye kikombe.

Shangazi yako alikuwa amekaa pale kitandani siku ile ya simu. Aliona kila kitu. Dada yangu huyo anapenda kuongea, unamjua, lakini hilo alilifunga moyoni muda mrefu, hadi tulipokosana juu ya mpaka wa shamba ndipo akakutolea siri hiyo. Najua siku yenyewe, kwa sababu tangu hapo hukuja nyumbani. Krismasi ulisema kuna mazoezi. Pasaka mazoezi. Nilikuwa nikikungoja uje unipigie kelele mbele ya majirani, na wewe hukuja hata kwa kelele.

Halafu ndipo lile goti.

Kocha Rehema alinipigia asubuhi nikiwa napima dirisha la shule. "Mzee wangu, acha kila kitu uje Nairobi. Mtoto kaumia jana kwenye mechi, kano ya goti imekatika. Keshafanyiwa operesheni, yuko salama. Lakini tangu atolewe kule ndani analia tu, baba, baba, baba. Hamtaki mwengine. Anakuita wewe."

Nitakuambia nilichofanya, hata kama kinachekesha. Nilifurahi. Nilisimama na futi mkononi mbele ya fundi mwashi na walimu wawili, machozi yananitoka kwa furaha, mtoto wangu ananiita. Mkisii mzima mimi! Kikisii nimenyonya! Nilijua hilo neno lina maana gani mdomoni mwako, na bado nikajiachia nidanganywe na Kiswahili kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha uji. Kisha akili ikanirudia, nikakaa kwenye rundo la mchanga.

Kule hospitali Kocha alinipokea mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mimi marehemu babangu sikuwahi kumwita hivyo," akasema. "Una bahati wewe." Hapo ningeweza kusema: Kocha, kwetu baba ni mama, na wa huyu amekufa, na mimi ndiye niliyemnyima simu. Nikasema, "Asante." Basi. Nikaingia.

Ulikuwa umefumba macho, midomo imekauka, mguu umefungwa mpaka juu. Ulikuwa unasema pole pole kwa lugha ya nyumbani, "Baba, goti. Baba, uko wapi?" Wauguzi walikuwa wakipita na kunitabasamia, mzee amefika, sasa atatulia. Nikakaa. Ukasema tena, "Baba, uko wapi?"

Nikaitika. Nilisema, "Nipo."

Nilisema kwa sauti ya chini, ili isijulikane ni ya nani. Na wewe ukatulia, Nyaboke. Ukavuta pumzi ndefu, ukalala.

Ulipoamka ukaniona, ukasema "Tata," ukageuza uso ukutani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama ulisikia lile "Nipo", na kama ulilisikia, ulidhani ni nani. Sijui kama nilikupoza au nilikudanganya mara ya pili, kwa kuchukua nafasi ya mtu ambaye mimi mwenyewe nilimzuia asiitike. Hilo ndilo jambo langu. Kwa mdomo nimeshindwa kulitoa, na umekaa nami nyumba moja miezi mingi.

Maana ulirudi nyumbani na magongo, hukuwa na pengine pa kwenda, na sisi wawili tukaanza kuishi kama wapangaji. Nilikutengenezea vyuma vya kuinua kwa mguu kutoka kwa mabaki ya mageti. Ulivitumia bila kusema asante wala kukataa. Siku moja tukiwa jikoni unamenya ndizi, bila kuinua macho, ukaniuliza, "Tata, alikuwa macho?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Aliomba kusema nami?"

"Aliinua mkono."

Ukaendelea kumenya. Ulimenya ndizi zote, hata zile za kesho, tukala ndizi siku tatu. Hayo ndiyo mazungumzo pekee tuliyowahi kufanya juu ya mama yako. Nilitaka kuomba msamaha hapo hapo, nikaona nikiomba nitakuwa nakulazimisha unijibu, na wewe ulikuwa bado hujui kutembea bila gongo. Nikatoka nikaenda kunoa panga ambalo lilikuwa kali.

Ulijifundisha kutembea tena kwenye shamba la chai, unashuka mstari mmoja, unapumzika, unapanda. Siku uliyoanguka nilikimbia kutoka karakana na miwani ya kuchomelea bado usoni, sioni mbele. Ukapiga kelele, "Usinishike!" Nikasimama. Hicho kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya kama mzazi, kusimama pale mikono imelegea wakati wewe unatafuta mti wa chai wa kushikilia. Ulisimama mwenyewe. Na siku uliporuka mara ya kwanza chini ya ringi yangu mbovu, ukakosa vibaya sana, mpira ukaangukia kuku, ukacheka kicheko cha mama yako, cha kushika kitu ili usianguke. Mimi nilikuwa nyuma ya choo. Nililia mpaka nikasikia aibu mbele ya kuku wenyewe.

Sasa wanakuchukua watu wa mbali. Nilipoambiwa kuna klabu Uturuki inataka kukulipa kwa kucheza tu, nilimwomba Kocha arudie mara mbili. Wamama wa kanisa wananiuliza ni nani anakuoa huko. Kwetu msichana huondoka nyumbani akiolewa, watu wanakuja, kuna nyimbo zake, kuna mbuzi, kila mtu anajua asimame wapi na alie saa ngapi. Wewe unaondoka na begi la viatu, na hakuna aliye na wimbo wa hilo. Mzee wa kanisa aliyeshika zamu baada yangu alikuja jana kuomba nasi, akakwama katikati ya sala. "Bwana, mlinde mtoto wetu akienda huko kwa... kwa ile kazi yake ya kuruka." Nilifungua jicho moja nikaona wewe pia umefungua lako. Nashukuru tulicheka pamoja, hata kama ni katikati ya sala.

Mimi si mtu wa kukupa maneno makubwa. Ninachojua nimekilipia, na ni kidogo. Mtu akiomba kusema na mtu wake, mpe huyo mtu. Usikae mlangoni ukipima kama atavumilia. Utakuwa na wenzako kwenye timu, mmoja atapata habari mbaya ya kwao usiku wa kuamkia mechi, na kutakuwa na mkubwa wa kusema tumfiche kwanza acheze. Wewe usiwe huyo. Ukiwa ndiye unayefichwa, pia sitaki. Nimewaambia shangazi yako na majirani wote: kikitokea kitu kwangu, Nyaboke aambiwe siku hiyohiyo, hata kama yuko fainali, hata kama yuko hewani anaruka.

Na wewe usiniletee habari nzuri tu. Najua utanitumia picha umevaa jezi, unacheka, theluji nyuma yako. Zitume, nitaziweka karakana. Lakini siku umekaa nje ya kikosi mechi nzima, siku umekula peke yako na hakuna aliyekuelewa neno, siku wamekuambia goti lako limezeeka kabla yako na hawatakusainisha tena, hizo nazo zitume. Kazi yako ni fupi. Mimi naweza kuchomelea hadi macho yafe, lakini mchezaji huambiwa inatosha akiwa bado kijana. Siku hiyo usijifiche huko kwa kuona aibu. Ile ringi haiondolewi. Ndugu zangu wanataka ule mkabilia kwa mbao, nimewaambia mti huo una mwenyewe.

Moyo wangu umevunjika, Nyaboke. Nakuambia hivyo bila kuupamba. Nafurahi kwa ajili yako na wakati huohuo sijui kesho nikirudi kutoka kukusindikiza nitafungua mlango wa jikoni kwa nguvu gani. Mama yako angejua la kusema kesho. Angekutania, angekushika kichwa akuombee, halafu angekaa kizingitini alie kwa sauti bila kujali wapita njia. Mimi nitasimama tu pale nishike begi lako kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Ukiona siliachii, ndiyo hivyo.

Juzi ulikuwa jikoni, simu umeiegemeza kwenye kopo la chumvi inakufundisha Kituruki. Mimi nilikuwa mlangoni na lile panga langu. Simu ikasema su, maji, wewe ukarudia. Ekmek, mkate. Nilikuwa najifunza pia kimya kimya, usifikiri. Anne, ikasema, mama. Ukairudia mara mbili, vizuri. Halafu simu ikasema baba.

Hukurudia. Ulitazama ile simu, kisha ukanitazama mimi.

"Tata," ukasema, "hata huko baba ni baba."

"Baba gani?"

"Yule wa Kiswahili."

Simu ikaendelea yenyewe kutaja majina ya ndugu ambao hakuna aliyekuwa akiwasikiliza.

Nimefikiria jambo hilo tangu juzi. Goti lako ni lilelile, na kazi yako ni kuruka na kushuka. Siombei, lakini siku moja unaweza kuumia tena. Watakulaza kwenye kitanda cha ugenini, watakupa dawa ya usingizi, na ukiwa huko katikati, hujaamka na hujalala, utaita. Najua utakayemwita si mimi. Sina wivu tena, niamini. Hata mimi nikiungua mkono ninamwita yeye. Lakini Waturuki hawajui Kikisii, kama Kocha asivyokijua. Watasikia baba. Watatafuta namba ya baba yako kwenye karatasi zako, na watanipigia mimi.

Simu yangu itakuwa imewashwa, hata Sabato, hata nikiwa kanisani. Sitawaambia wamekosea mtu. Sitawaeleza habari za lugha. Na sitasema tena kwamba yeyote amelala. Nitawaomba waiweke simu sikioni mwako, na ukiuliza, "Baba, uko wapi?", nitaitika kwa ajili ya yule niliyemzuia, kwa sauti hii hii ya mzee, niseme "Nipo", na niendelee kusema hivyo mpaka upate usingizi.

Kama hutaki niitike, niambie kesho kabla hujapanda. Kama unataka, usiseme kitu. Niachie begi tu nilishike.

Tata